Kuunda Subaru ya turbo ya autokrosi huku juu Nairobi, na vile utaijaribu kabla ya siku yenyewe

Kabla hujalipia ile turbo kubwa uliyoona kwa picha, nisikilize kidogo. Autokrosi yetu, yaani mbio za gari kushindana na saa, ni ya udongo na koni, iwe uwanja wa Jamhuri ama Stoni Athi, raundi moja ni dakika moja au mbili hivi na karibu yote uko gia ya pili, unakanyaga mafuta, unaachilia, unageuza, unakanyaga tena, na kila ukiachilia, turbo, yaani kile kipuliza hewa kinachozungushwa na moshi wa egzosi, inalala. Sasa turbo inayoamka kwa 4,500 rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) itakuwa bado imelala wakati mwenye ile ndogo ashatoka kwa kona anaelekea ingine. Kwa hivyo hatuundi gari ya nguvu nyingi, tunaunda gari ya nguvu inayokuja mapema na inayokuja vile vile raundi ya kwanza mpaka ya mwisho, na ukishika hilo hata pesa utaokoa.

Naongea juu ya Impreza zenye injini ya EJ20, cc 1994, manake ndizo tuko nazo wengi na spea zake hukosi ukizunguka Kirinyaga Road, lakini mengi ya haya yanafanya kazi hata kwa Mitsubishi Evo ama Toyota Glanza. Kanuni za Kenya Motor Sports Federation zisome kabla ya kununua hata nati moja, sababu gari ya turbo inayosukumwa na magurudumu mawili na inayosukumwa na manne haziko kundi moja na unaweza kujenga gari nzuri alafu haina mahali pa kuingia.

Kitu watu husahau ni mwinuko. Mombasa hewa iko na presha ya karibu 1.01 bar, huku Nairobi kwa mita kama 1,700 ni 0.82 hivi. Injini isiyo na turbo ukipanda nayo inapoteza karibu asilimia 17 ya nguvu, ya turbo inaweza kurudisha lakini kuna bei yake. Geji ikisoma busti, yaani presha ya ziada inayosukumwa na turbo, ya bar 1.0 pale Mombasa turbo imezidisha hewa mara 2, geji hiyo hiyo ikisoma 1.0 Nairobi turbo imezidisha mara 2.2, yaani imezunguka kasi zaidi, imetoa hewa ya moto zaidi, na kabla iamke ilikuwa na moshi mchache wa kuisukuma so imechelewa pia. Ndio maana busti ambayo mtu wa Uingereza, huko chini karibu na bahari, anatumia kwa TD04 yake (ile turbo ndogo inayokuja na Impreza nyingi) usiichukue vile ilivyo, huku juu TD04 ukiilazimisha hivyo inapuliza joto tu. Mimi bado nasema TD04 iliyokuja na gari ama turbo ya VF ya kampuni ya IHI ya saizi ya kati inatosha kabisa kwa hii kazi, ila uikubali kwa busti ya chini kidogo.

Sasa injini. Pima kompresheni ya silinda zote nne ikiwa moto, plagi zote zimetoka, akselereta imekanyagwa hadi mwisho. Namba za kitabu ni za usawa wa bahari kwa hivyo zikisoma chini zote pamoja usishtuke, hewa yetu ni nyepesi, angalia tofauti kati ya silinda na silinda, ikizidi asilimia 10 usiendelee. Alafu ingiza hewa ya kompresa kwa silinda moja moja, pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa, usikilize inatorokea wapi: ikisikika kwa mfuniko wa oili ni ringi, kwa egzosi ni valvu, na redieta ikitoa mapovu ni gasketi ya hedi. Hii kazi ni ya mchana mmoja na fundi mzuri hakatai kuifanya, akikataa tafuta mwingine.

Pesa ya kwanza iende kwa oili. EJ20 ikizungushwa kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na beringi za kranki hazisamehi hata sekunde mbili za hivyo. Weka bamba za kuzuia oili isikimbie ndani ya sampu, ile karai ya oili chini ya injini, na bomba la kunyonya oili likaguliwe kama limepasuka kwa welding sababu hizi gari zinajulikana kwa hiyo shida. Kuna matoleo yenye kachujio kadogo ndani ya bolti ya oili ya turbo, kakiziba turbo inakufa kiu na utadhani turbo yenyewe ndio mbovu, so kafungue ukaone. Maji nayo, kumbuka Nairobi maji huchemka kwa nyuzi kama 94 sio 100, kwa hivyo mfuniko wa redieta ambao haushiki presha ni gari inayochemka hata kama redieta ni mpya. Mfuniko ni bei ya chakula cha mchana, nunua mpya.

Halafu vumbi. Naomba hapa unisikize vizuri sana. Ile filta ya wazi ya kupendeza inayokaa uchi chini ya bonneti itameza vumbi la Stoni Athi siku nzima na vumbi ni msasa, linakula ncha za mapanga ya turbo na linakula silinda. Acha boksi ya filta ya gari, ziba kila mwanya, na ubadilishe filta kila baada ya mbio.

Hozi za vakyumu badilisha zote, za silikoni, na kila moja ifungwe. Nitakuambia kwa nini. Siku moja ya mazoezi hozi inayopeleka presha kwa westigeti yangu, ile valvu inayomwaga moshi kando ya turbo ili busti isizidi, ilipasuka, ilikuwa ya bei rahisi imepita karibu sana na egzosi, westigeti ikakosa habari ya presha ikabaki imefunga, busti ikapanda hadi 1.6 kwa mnyoofu mmoja tu. Kawaida kompyuta ya gari hukata mafuta busti ikizidi, lakini fundi aliyefanya tyuni, yaani aliyepanga kompyuta ya injini, alikuwa ameitoa hiyo kinga akisema inasumbua na mimi nikakubali. Silinda ya nne, ukuta wa ringi kwa pistoni ukavunjika, moshi wa buluu, injini nje. Iliniuma miezi mitatu. Kinga ya kukata mafuta usikubali itolewe na mtu yeyote, iwekwe juu kidogo ya busti unayotumia na ibaki hapo. Na ukibadilisha hizo hozi chunga kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu kinachokaa ndani ya moja yao, fundi wengi hukitupa na hozi kuukuu alafu mnashangaa wiki mbili mbona busti haipandi.

Mpangilio wa nguvu ni huu: pampu ya petroli na injekta kwanza, egzosi baadaye, kompyuta mwisho, na gari isiendeshwe kwa nguvu kati ya hizo hatua. Egzosi ikifunguka sana westigeti ndogo inaweza kushindwa kumwaga moshi wote na busti ikawa inapanda yenyewe huko juu ya rpm, hiyo utaiona kwa geji.

Tyuni ya kutoka Japan ilipangwa kwa petroli ya oktani 100 ya huko. Ya pampu yetu haifiki hapo, kwa hivyo Impreza STI iliyotoka melini na tyuni yake ya kiwandani tayari inaweza kuwa inagonga ndani kwa ndani, yaani petroli inalipuka yenyewe vibaya ndani ya silinda, hata kabla hujaigusa. Fundi wa tyuni aondoe timing, yaani acheleweshe cheche ya plagi, mpaka itulie, mchanganyiko kwa busti kamili uwe karibu 11 hadi 11.5 za hewa kwa moja ya petroli ukisomwa na geji ya kweli ya oksijeni iliyofungwa kwa egzosi, ile sensa ndogo ya kiwandani haiwezi kukuambia. Kusikiliza huko kugonga sisi hufunga kipande cha bomba la shaba kwa bloku, linaunganishwa na mpira hadi kwa hedifoni za kuzuia kelele, na ukisikia kama kokoto zinatikiswa kwa mkebe unaachilia mafuta hapo hapo. Plagi weka zile baridi hatua moja, yaani zinazopoa haraka kuliko za kawaida. Jambo la daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari: nyingi huongeza namba kufidia mwinuko kwa hesabu ya injini isiyo na turbo, ya turbo ikipewa hesabu hiyo inaonekana na nguvu ambazo haina, kwa hivyo uliza namba kabla ya kufidiwa na uangalie zaidi torki, nguvu ya kuzungusha, inaanza rpm ngapi.

Chini ya gari sitakaa sana. Udongo unataka springi laini na nafasi ya kutembea, gari iliyoshushwa kwa ajili ya lami itakuwa inaruka ruka, weka kinga ya chuma chini ya sampu na tairi za udongo. Gia boksi ya gia tano ni nyepesi kwa nguvu nyingi, meno ya pili na ya tatu ndio hukatika, so usijifunze kuondoka kwa kuachilia klachi ghafla kwa 6,000. Na hendibreki ya haidroliki kwa gari yenye difu ya kati ya viskasi (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) inapigana na hiyo difu, itumie kwa kiasi. Keji ya mabomba, kiti, mikanda, helmeti na kizima moto havina mjadala, wakaguzi watakurudisha nyumbani na watakuwa sawa.

Sasa kuijaribu, na hapa ndipo wengi wanaruka. Kwanza gari ikiwa imezimwa, ziba mdomo wa turbo, ingiza hewa ya kompresa nusu bar, paka maji ya sabuni kila kiungio hadi manifoldi. Ukiona povu umepata busti yako iliyopotea. Alafu chomoa solenoidi ya busti, ile valvu ya umeme inayoongoza westigeti, hozi iende moja kwa moja kwa westigeti, ili gari ivute kwa springi tu, karibu bar 0.5, na uvute mara kadhaa kwa daino ukirekodi kwa laptopu busti, mchanganyiko, kugonga, joto la hewa na la maji. Rekodi ikiwa safi ndio unaongeza, bar 0.1 kila mara, na kila hatua unasoma rekodi kabla ya hatua ingine. Barabara ya umma usiitumie kwa hii kazi, kuna watu wanavuka.

Ukitoka hapo tafuta shamba, omba mwenyewe ruhusa, beba koni ishirini, rafiki wa kushika saa na kizima moto, na panga kona mbili za polepole, slalomu na mnyoofu mfupi. Kosa kubwa ni kubadilisha kitu, kuona taimu imeshuka, na kuamini. Udongo unabadilika kila raundi, vumbi la juu likifagiliwa chini pananata, baadaye panachimbika. Kwa hivyo endesha mara tatu na mpangilio wa zamani, mara tatu na mpya, alafu RUDISHA wa zamani mara tatu tena. Kama wa zamani ukirudi nao unapata taimu kama za ule mpya, basi ni uwanja ulibadilika. Kitu kimoja kwa wakati, presha ya tairi leo, shoki kesho, na uandike kwa daftari.

Mwisho jaribu kusubiri, sababu siku ya mbio utasubiri sana. Intakula ya Impreza, kile kipozea cha hewa ya turbo, imekaa juu ya injini na gari ikisimama kwa foleni inachemka, raundi inayofuata hewa inaingia moto, kompyuta inapunguza timing na gari inakuwa nzito. Kwa hivyo shambani fanya raundi, simama dakika ishirini na bonneti imefungwa, fanya raundi ingine, usome tofauti ya joto la hewa kwa rekodi. Kisha rudia bonneti ikiwa wazi na chupa ya maji ya kupuliza juu ya intakula, ulinganishe. Na kila ukimaliza raundi acha injini iunguruke dakika moja au mbili kabla ya kuzima, oili iliyobaki kwa beringi ya turbo isiungue, alafu oili yote imwagwe kabla ya mbio ya pili, uipitishe kwa sumaku na kitambaa cheupe uone kama kuna kitu kinang'aa.