Somo: Muziki wa laptopu utokee kwenye sabufa ya sebuleni, Linux kwa Linux

Kompyuta ya mezani iko sebuleni na imechomekwa sabufa. Laptopu iko chumbani. Zote ni Linux, zote zinatumia rauta moja. Wengi hukwama kwa sababu wanabadilisha mipangilio kabla ya kujua pingili ipi imekatika. Tufuate mpangilio.

1. Anza na sebuleni penyewe.

speaker-test -c 2 -t wav

Usiposikia kitu, mtandao hauhusiki. Chomoa waya wa sabufa uangalie tundu. Kwa vumbi la Dodoma miezi ya kiangazi, tundu hujaa hadi pini haizami vizuri na unasikia upande mmoja tu.

2. Andika pactl info. Kwenye mstari wa Server Name, ukiona neno PipeWire una mfumo mpya wa sauti (Ubuntu inautumia kuanzia 22.10). Ukiona pulseaudio peke yake, ni ule wa zamani.

3. Pata anwani ya mtandao (IP) ya kompyuta hii ya sebuleni kwa hostname -I. Tuseme ni 192.168.1.20. Ingia kwenye ukurasa wa rauta, sehemu ya DHCP (inayogawa anwani), uifungie kompyuta anwani hiyo. Usiruke hatua hii: umeme ukikatika na kurudi, rauta inaweza kugawa anwani nyingine na kila ulichopanga kikafa.

4. Fungua poti (mlango wa mtandao ambao sauti itaingilia), bado ukiwa sebuleni:

pactl load-module module-native-protocol-tcp listen=0.0.0.0

Kwa mfumo wa zamani ongeza mwishoni "auth-ip-acl=127.0.0.1;192.168.1.0/24". Alama za kunukuu ni lazima, la sivyo terminali inakata amri kwenye nukta-mkato.

Kama ufw (ukuta wa moto unaozuia miunganisho kutoka nje) imewashwa:

sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 4713 proto tcp

Kisha ss -ltn. Lazima uone 0.0.0.0:4713.

5. Hamia kwenye laptopu. Jaribu bila kubadilisha chochote:

PULSE_SERVER=tcp:192.168.1.20 pactl info

Soma jibu kwa makini, linakuonyesha ugonjwa ulipo. "Connection refused": umefika, ila hakuna anayesikiliza, rudia hatua ya 4. Ikining'inia kimya kisha ikaisha muda: ufw inazuia au anwani si yenyewe. "Access denied": ruhusa, angalia auth-ip-acl (orodha ya anwani zinazoruhusiwa, hatua ya 4).

6. Jibu likiwa zuri:

pactl load-module module-tunnel-sink server=tcp:192.168.1.20

Spika mpya itatokea kwenye mipangilio ya sauti. Ichague.

MASWALI (kila muuliza ametajwa kwa mtaa wake wa Dodoma)

Nkuhungu: Mkuu, hii inakula bando?
Hapana, ndugu. Sauti inazunguka ndani ya nyumba tu, hata vocha ikiisha inaendelea. Ni kama megabiti 1.5 kwa sekunde kati ya kompyuta na rauta.

Kisasa: Ping (jaribio la kuona kama laptopu inaifikia ya sebuleni) haifiki kabisa, na zote ziko wifi moja.
Angalia kama laptopu imeingia kwenye wifi ya wageni. Rauta nyingi huzuia vifaa vya wageni visionane. Vinginevyo tafuta AP isolation (kizuizi kama hicho kwenye wifi ya kawaida) kwenye rauta uizime.

Ipagala: Sauti inakatika-katika, hasa usiku.
Spidi inatosha, tatizo ni pakiti (vipande vya data) kuchelewa. Unganisha ya sebuleni na rauta kwa waya. Hilo peke yake huponya kesi nyingi. Kwenye laptopu zima uokoaji wa umeme wa wifi: sudo iw dev wlan0 set power_save off (jina wlan0 lihakiki kwa iw dev).

Area C: Nikiwasha upya, yote yanapotea.
Kweli kaka, load-module haidumu. Kwa PipeWire, tengeneza faili ~/.config/pipewire/pipewire-pulse.conf.d/mtandao.conf lenye:

pulse.cmd = [ { cmd = "load-module" args = "module-native-protocol-tcp listen=0.0.0.0" flags = [ ] } ]

Halafu: systemctl --user restart pipewire-pulse. Huduma hii huanza mtumiaji akishaingia, kwa hiyo weka kompyuta ya sebuleni ijiingize yenyewe bila nenosiri.

Nkuhungu: Na filamu? Midomo inatangulia sauti.
Kwenye VLC bonyeza J. Kila mbonyezo unaiwahisha sauti milisekunde 50.