Metta kabla ya kwenda kazini: namna ya kuanza

Wengi hapa Nairobi wakisikia kutafakari hudhani ni kufumba macho na kufukuza kila wazo kichwani. Haiwezekani, na wala hutakiwi kujaribu. Ninachokuelekeza hapa ni metta, zoezi la Kibudha la kuwatakia watu mema kwa mpangilio maalumu. Mkristo au Mwislamu hulifanya na akabaki na dini yake. Mpangilio ndio wenye kazi, kwa hiyo usiuruke.

Tenga dakika 15 alfajiri, kabla hujashika simu.

Hatua ya 1: Kaa. Kiti cha plastiki kinatosha. Usiegemee, nyayo ziguse sakafu, mikono iwe mapajani. Jirani wa juu akiburuta ndoo au redio ya ng'ambo ikinguruma, acha isikike ipite. Ukingoja ploti nzima inyamaze, hutaanza kamwe.

Hatua ya 2: Hesabu pumzi. Kila ukitoa pumzi, hesabu moja. Buddhaghosa, mtawa msomi aliyeandika Sri Lanka katika karne ya 5, alishauri hesabu isipungue 5 wala isizidi 10. Ukifika 10 rudi mwanzo. Ukijikuta umefika 14, au unapiga hesabu ya kodi ya nyumba, rudi moja bila kujigombeza. Dakika tatu hivi zinatosha.

Hatua ya 3: Jitakie mema. Sema moyoni, sentensi moja kwa pumzi moja: Nikae salama. Nipate afya. Moyo wangu utulie. Wengi huona haya hapa, maana tumelelewa kuombea wengine kwanza. Lakini ukishahisi jinsi wewe unavyotamani usalama, ni rahisi kutambua kwamba na mwenzako anautamani. Usisubiri raha fulani kifuani. Siku nyingine utasikia ukavu mtupu, na ni sawa. Kinachozoezwa ni nia.

Hatua ya 4: Mtu aliyekutendea wema. Labda shangazi aliyekulipia karo. Awe hai, kwa sababu marehemu huamsha majonzi. Asiwe mtu unayemtamani kimapenzi pia. Kwa huyo hutatafakari, utaota tu.

Hatua ya 5: Mtu usiyempenda wala kumchukia. Hapa ndipo Nairobi inapokuwa darasa zuri. Soja wa getini, mama wa mandazi, kondakta. Chagua mmoja ukae naye wiki nzima. Mtazame huyo kondakta vizuri: noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole, sauti imemkauka kwa kuita abiria, nusu ya mwili iko nje ya mlango. Mtakie yale yale uliyojitakia: Akae salama. Apate afya. Moyo wake utulie. Zoezi hili si lazima liishie nyumbani. Foleni ikikwama Barabara ya Thika, mfanyie abiria aliye mbele yako, macho wazi.

Hatua ya 6: Anayekuudhi. Usianze na aliyekuumiza kuliko wote. Anza na wa kiasi, kwa mfano bosi anayekutumia kazi Jumapili jioni. Hasira ikipanda, rudi hatua ya 4, tulia, kisha ujaribu tena. Ikigoma kabisa, Buddhaghosa anashauri umpe mtu huyo zawadi, ushauri ninaoupenda kuliko mwingine wote. Mpelekee chapati mbili uone. Na tuelewane: kumtakia mtu mema si kumsamehe deni. Akiwa na pesa zako, mdai.

Ikitokea kukaa kimya kunakufufulia machungu mazito, fumbua macho, simama, tembea. Hali ikiendelea, usingizi ukakuhama au ukakosa hamu ya kuishi, mwone daktari au mshauri nasaha mara moja. Metta haichukui nafasi yao.

Wiki ya kwanza ishia hatua ya 3. Ongeza mtu mmoja kila wiki, na hatua ya 6 uiachie mwisho hata kama una hamu ya kumalizana na huyo bosi. Ukitaka kuona Mwafrika wa huku kwetu aliyebobea katika njia hii, mfuatilie Bhante Buddharakkhita, mtawa Mganda aliyeanzisha Uganda Buddhist Centre mwaka 2005.