Hakiki cheti cha kuzaliwa kabla ya dirisha la mkopo
Nimelijua hili wiki hii nikimsaidia mdogo wangu hapa Mbagala. Ukiwa kidato cha tano au cha sita, weka cheti cha kuzaliwa kando ya cheti cha kidato cha nne, linganisha majina herufi kwa herufi, kisha kihakiki RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) kupitia mfumo wake wa mtandaoni, eRITA. Bodi ya Mikopo (HESLB) hutaka cheti kilichohakikiwa, na dirisha la maombi ya mkopo wa chuo likifunguliwa kila mtu hukimbilia huko. Ila uhakiki haurekebishi majina: “Saidi” huku na “Said” kule, hapo ni kumwona wakili, na hilo hula muda, jamani, anzeni sasa. Aliyezaliwa Zanzibar huhakiki ZCSRA (wakala wa usajili wa huko), si RITA.