SOMO: Karata ya 12, Aliyetundikwa. Itazame kwanza, maana baadaye

Wakuu, "imenitokea hii, je nitakufa?" imenichosha. Najibu hapa mara moja, atakayeuliza tena namleta huku.

Nazungumzia karata za taroti (karata za picha za kupigia ramli) zilizotolewa London mwaka 1909, michoro ya Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya mwandishi A. E. Waite. Wengi wenu ndizo mnazo.

1. Iweke wima, XII ikae juu.

2. Funika jina kwa kidole.

3. Anza na uso wa huyu mtu anayening'inia kichwa chini. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wakiona kamba tu, wameshahukumu. Tazama vizuri. Uso umetulia, hauna dalili ya maumivu, na kichwa kimezungukwa na duara la mwanga. Kamba imeshika mguu mmoja tu. Wa pili ameukunja nyuma ya huo, ukapata umbo la 4. Mikono iko mgongoni, haionekani. Kwa hiyo ONYO: usiseme "amefungwa mikono". Hilo umelidhani, hukuliona. Ukianza kusoma usichokiona, karata zote 78 zitakuambia hofu zako mwenyewe.

4. Mti. Una umbo la T na umechipua majani, yaani uko hai. Waite mwenyewe aliandika kwamba picha hii ni uhai uliositishwa, si kifo.

5. Rangi ziache mwisho. Matoleo mengi yamepakwa upya, bluu yako huenda si ya mwenzako.

6. Funua jina, sasa unganisha: kusubiri, kujitoa, kulitazama jambo kwa upande wa pili.

MASWALI

— Mkuu sijasoma yote, kwa kifupi ni nzuri au mbaya?
Hatua ya 3.

— Kitabu changu kinasema ni kafara. Unakipinga?
Sikipingi. Nakuuliza wewe, kafara umeiona wapi kwenye picha? Nionyeshe, tuendelee.

— Yangu ya Marseille (ule mtindo wa zamani wa Kifaransa) ina nguzo mbili na hakuna mwanga kichwani. Nisome hivyohivyo?
Hapana, na umefanya vizuri kutazama. Ile ina mizizi ya zamani zaidi. Italia wasaliti walikuwa wakichorwa hadharani wakining'inia kwa mguu mmoja ili waaibike, na karata yenyewe iliwahi kuitwa Msaliti. Kwenye yako aibu ina nafasi. Angalia pia nguzo: matawi yamekatwa, vimebaki visiki.

— Ikitoka imepinduka, si anakuwa amesimama?
Anaonekana hivyo, ila kamba bado iko mguuni. Mimi humsoma kama mtu anayejidai ameshatoka kwenye tatizo. Wapo wasiosoma kabisa karata zilizopinduka, nao hawajakosea.

— Zile alama ndogo pembeni chini ni nini?
Saini ya Pamela, herufi zake P, C na S zimesukwa pamoja. Chukua kioo cha kukuzia.

— Shukrani. Kuna mwingine aliyekunja mguu hivi?
Yupo. Toa karata ya 21, Dunia, uiweke kando ya hii ukiwa umeipindua ya 12. Tazama miguu.