SOMO: Namna ya kumpa maoni mtu aliyetengeneza gemu yake mwenyewe

Habari zenu wakuu.

Kuna kijana tunafahamiana, alinitumia gemu aliyoitengeneza usiku usiku baada ya kutoka kazini. Wewe ni konda wa daladala: unadai nauli, unashuka kituoni kuita abiria, halafu unalikimbilia gari likiwa limeshaondoka na kurukia mlangoni. Nikacheza dakika kumi, nikamwandikia: "Kali sana mdogo wangu, kaza buti." Akashukuru.

Baada ya wiki mbili nikamuuliza imefikia wapi. Akasema ameiweka pembeni. Kila aliyemtumia alimwambia ni kali, na hakuna aliyeifungua mara ya pili. Nikaona aibu, maana mimi sababu nilikuwa naijua. Nilishindwa kurukia ule mlango mara saba nikaifunga, nisimwambie.

Kwa hiyo twende kazi.

Hatua ya 1: Jua gemu imetoka wapi

Soma maelezo yake kabla ya kupakua. Kwenye itch.io, tovuti ambako watu huweka gemu zao, utakuta gemu nyingi zimezaliwa kwenye mashindano ya kutengeneza gemu kwa muda mfupi. Ludum Dare, kwa mfano, ina kundi la mtu mmoja mmoja ambalo hupewa saa 48 kufanya kila kitu, picha na sauti humo humo, na kundi jingine la saa 72 ambalo timu zinaruhusiwa. Kumlaumu mtu wa saa 48 kwamba gemu ina hatua tatu tu ni kumwonea. Celeste yenyewe, ile gemu maarufu ya kurukaruka kupanda mlima, ilianza mwaka 2015 kama kigemu cha siku nne, ikaja kutoka kamili 2018. Ila kama mwenyewe anasema anataka kuiuza, hapo usimbembeleze.

Hatua ya 2: Cheza peke yako, na urekodi

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtengenezaji shida yake ni kwamba kitanda hicho amekilalia miezi sita, kunguni wameshamzoea. Wewe ngozi yako bado mpya, lakini haikai mpya muda mrefu: ukishajua kuwa mlango unafunguka kwa kubonyeza mara mbili, huwezi tena kurudi kuwa mtu asiyejua. Kwa hiyo usimuulize "hapa nafanyaje?" Washa kurekodi skrini, anza kucheza, na uongee kwa sauti kila linalokupitia kichwani. "Hii alama nyekundu ni nini? Nimekufa? Kumbe ile ilikuwa nauli." Utajiona chizi, usijali.

Hatua ya 3: Andika kilichokutokea, dawa mwachie mwenyewe

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Baada ya ile aibu niliicheza tena gemu ya konda, safari hii nikamtumia hivi:

"Kituo cha pili. Nimesimama ukingo wa lami, gari linapita, nabonyeza kuruka. Konda haruki, anadondoka mtaroni. Mara 7 kati ya 9. Mimi najiona nimebonyeza kwa wakati. Mara ya kwanza niliachia hapa hapa."

Nikaambatanisha video. Akaitazama polepole, akakuta kweli nilikuwa nachelewa: kidole kinabonyeza mguu wa konda ukiwa umeshatoka ukingoni kidogo sana. Gemu ilikuwa sahihi, lakini mchezaji hawezi kukubali. Akaipa huruma ya kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, yaani ukichelewa kiasi hicho bado unaruka. Celeste nayo inamhurumia mchezaji namna hiyo hiyo.

Sasa fikiria ningemwandikia "ongeza nguvu ya kuruka". Angeongeza, konda angeruka juu kama panzi, na mtaroni angeendelea kudondoka. Mchezaji anajua panapouma. Tiba anaijua aliyeandika kodi, yaani yale maagizo ya kompyuta yanayoendesha gemu.

Hatua ya 4: Hitilafu zina ripoti yake

"Inasumbua kwenye simu yangu" haimsaidii. Taja aina ya simu, toleo la Android, ulibonyeza nini kabla haijaganda, na kama ukirudia inaganda tena. Mambo madogo yanafumbua makubwa. Mwingine alilalamika konda anakimbia kama amekunywa dizeli, wakati kwangu alitembea vizuri. Kumbe simu yake skrini ni ya fremu 120 kwa sekunde, yaani inachora picha upya mara 120 kila sekunde, yangu 60. Mwendo ulihesabiwa kwa fremu badala ya muda: pikseli (vinukta vya skrini) 5 kila fremu kwangu ni 300 kwa sekunde, kwake ni 600.

Hatua ya 5: Punguza, kisha tuma

Mambo matatu mazito yanatosha. Na ukisifu, sifia kitu kinachoonekana: "sauti ya sarafu zikigongana mkononi mwa konda imenifanya nidai nauli hata pale isipohitajika." Sifa ya hivyo inamwambia asije akaifuta sauti hiyo kwa bahati mbaya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi kodi sijui hata mstari mmoja. Maoni yangu yana maana?

Jibu: Yana maana sana. Anayejua kodi huanza kukisia ilivyoandikwa, anasahau kucheza. Mpe mama yako simu dakika mbili, umtazame bila kusema kitu.

Swali: Na kama gemu ni mbovu kuanzia mwanzo mpaka mwisho? Sipendi kumvunja mtu moyo.

Jibu: Neno "mbovu" liache, halina taarifa ndani yake. Mwambie ulicheza dakika ngapi na nini kilikufanya uache. Hilo ni zito kuliko tusi, na wala hujamtukana.

Swali: Sikuimaliza, bando liliisha. Niandike hivyo hivyo?

Jibu: Andika, dada. Mwambie na ukubwa wa gemu ulivyokula bando lako. Wengine hawajui kama picha zao hazijabanwa.

Swali: Mimi ndiye mtengenezaji. Kila nikiomba maoni naambiwa "iko poa". Nifanyeje?

Jibu: Usiulize kama wameipenda, kwetu hapa nani atakujibu hapana? Uliza "uliachia wapi?" au "lile boksi la bluu ulidhani ni la nini?" Na wakikujibu usijitetee. Ukianza "hukuelewa, ilikuwa hivi", kesho hawakwambii kitu. Mimi mwenyewe nimewahi kubishana nusu saa na mtu aliyekuwa ananisaidia bure.

Swali: Maoni niyaweke wazi chini ya gemu au nimtumie pembeni?

Jibu: Sifa na hitilafu weka wazi, wengine wasirudie ripoti ile ile. Yanayouma mtumie pembeni, hasa kama ni gemu yake ya kwanza.

Swali: Linki ya gemu ya konda iko wapi mkuu?

Jibu: Bado anahangaika na honi, inalia hata gari likiwa limepaki. Akiniruhusu nitaiweka hapa. Mje na zile simu zenu zilizopasuka vioo.