Jinsi ya kukagua karabini ya Sharps kabla ya kuinunua

Karabini ya Sharps ni bunduki fupi iliyobebwa na askari wapanda farasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865. Tofauti na gobore, hujazwa kwa nyuma, jambo lililomfaa sana mtu aliyeketi juu ya farasi.

Kwanza hakikisha haina risasi, kwa kuwa uzee wa silaha si ushahidi kwamba ni tupu. Elekeza mdomo wake mahali salama, vuta nyundo hadi nusu, kisha shusha wenzo, ambao ndio huohuo kinga ya kifyatulio. Bonge la chuma linaloziba mtutu litateremka na utaweza kuona ndani hadi mdomoni. Wenzo ukigoma, usiulazimishe. Mpelekee fundi wa bunduki.

Sasa litazame bonge lenyewe. Bunduki ya asili ilitumia risasi ya kipenyo cha inchi 0.52 iliyofungwa pamoja na baruti katika kitambaa au karatasi, ambayo ncha yake ya nyuma ilikatwa na bonge lilipopanda, na moto ulitoka kwenye fataki, yaani kikofia kidogo cha kulipuka kilichopigwa na nyundo, iliyowekwa nje. Ukikuta pini ya kupiga risasi ndani ya bonge, huenda unashika mojawapo ya karabini zipatazo 31,000 ambazo serikali ilizibadilisha baada ya vita zitumie risasi za ganda la chuma. Wapo wanaoyaona mabadiliko hayo kuwa kasoro. Kwangu mimi ni sehemu halali ya historia yake.

Namba ya usajili imegongwa juu ya ulimi wa chuma ulio nyuma ya bonge. Herufi C mbele ya namba husimama badala ya 100,000, kwa hiyo C 20,450 husomwa 120,450. Kwa ridhaa ya mwenye mali, fungua ubao wa mbele kwa bisibisi inayojaa kwenye mfuo wa skrubu, ulinganishe namba iliyo chini ya mtutu. Mfuo uliochakaa na kuchanika kingo hukuambia kwamba wengine wamekwisha kufungua kabla yako.

Upande wa kushoto wa kitako, nyuma ya fito yenye pete ya mkanda, tafuta mihuri ya wakaguzi wa serikali ndani ya duara la yai. Mihuri iliyofifia pamoja na kingo za mbao zilizopoteza ukali ni dalili ya msasa, nami ningepunguza bei bila kusita. Nakala za kisasa za Italia hubeba alama za majaribio za nchi hiyo, yaani mihuri ya kuonyesha kwamba bunduki imejaribiwa. Mahali palipobonyea kidogo kwenye chuma huenda ndipo alama hizo zilipofutwa kwa tupa.

Ukiinunua, ifute kwa kitambaa laini chenye mafuta mepesi, na weusi wa chuma uuache ulivyo.