Kikao cha wananchi kuhusu katikati ya mji mdogo: namna ya kukiandaa na kukiendesha

Kikao cha namna hii huanza kuharibika kwenye barua ya mwaliko. Ikiandikwa "kikao cha kujadili maendeleo ya mji wetu", watakuja wapenda kuhutubia, na baada ya saa tatu muhtasari utakuwa na mambo matatu: soko la kisasa, stendi ya kisasa, lami. Ikiandikwa "kikao cha kuchagua mambo matano ya kurekebisha kati ya stendi na soko", atakuja mama lishe, atakuja mpangaji wa fremu, watakuja bodaboda wa kijiweni, kwa sababu kila mmoja anajua ni mahali pake pa kazi panapozungumzwa.

Maelekezo haya ni ya mji mdogo wa Tanzania, ule uliokulia pembeni ya barabara kuu: stendi upande mmoja, soko upande wa pili, na katikati maduka, gesti, msikiti, kanisa na msururu wa meza za machinga.

Kalenda kabla ya kitu kingine

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, lakini rasimu ya bajeti ya halmashauri kwa kawaida hupita kwa madiwani mapema mwaka huo, miezi kadhaa kabla. Kikao cha Machi kwa hiyo kimeshachelewa, isipokuwa labda kwa mambo ambayo hayahitaji fedha ya serikali. Kikao kizuri hufanyika kati ya Agosti na Oktoba, ili muhtasari uingie kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na Mtendaji wa Kata katibu wake. (Kenya kalenda ni nyingine: mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa kabla ya 1 Septemba na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, kwa hiyo huko maoni ya wadi yanatakiwa mapema zaidi.)

Mwitaji wa kikao awe mwenyekiti wa mtaa, au wa kitongoji kama mji wenu ni mamlaka ya mji mdogo. Kikundi cha vijana au wafanyabiashara kinaweza kufanya kazi yote ya maandalizi, ila barua itoke kwa mwenyekiti na igongwe muhuri na mtendaji. Kikao kilichoitwa na kikundi peke yake kinaweza kuonekana cha kampeni, na muhtasari wake hauna pa kupelekwa.

Wiki tatu za maandalizi

Chora mpaka. Eneo lisizidi mwendo wa dakika kumi kwa miguu, yaani takriban mita 800 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Likizidi hapo kila mtaa utaleta kero zake, na katikati ya mji itasahaulika.

Kisha hesabu watu. Hii ndiyo kazi inayorukwa mara nyingi na ndiyo inayobeba kikao. Chagua pointi nne: lango la stendi, lango la soko, mbele ya kituo cha afya, na pale watu wanapovuka barabara kuu. Kila pointi iwe na watu wawili, mmoja akihesabu kwa sauti na mwingine akichora vijiti vitano vitano. Hesabuni dakika 15 saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 11 jioni, siku ya gulio na siku ya kawaida. Hizo ni karatasi 24. Zidisha kila hesabu mara nne upate makadirio ya saa nzima.

Safu za karatasi ziwe: waenda kwa miguu, mikokoteni na wabeba mizigo, bodaboda, bajaji, magari. Ongeza safu ya mwisho, na hiyo msiiache: waliolazimika kushuka barabarani kwa sababu njia ya pembeni imezibwa. Kwa mhandisi, namba hiyo ina nguvu kuliko malalamiko ya ukumbi mzima. Ukihesabu siku ya gulio tu utapata mji usiokuwepo siku nyingine sita, na yeyote anayepinga mapendekezo yenu ataanzia hapo.

Usiku mmoja, saa 2, pita eneo lote na uweke alama palipo giza. Andika taa iliyopo lakini haiwaki tofauti na pale pasipo na taa kabisa. Ya kwanza ni suala la matengenezo, ya pili la ununuzi. Taa za sola zikikaa miaka kadhaa bila betri kubadilishwa hubaki nguzo tupu, basi swali la kuuliza kwenye kikao ni nani atabadilisha betri, kabla ya kuuliza ziwekwe ngapi.

Ramani iwe ya kipimo cha 1:1000, sentimita moja kwa mita kumi. Mita 800 zitaingia kwenye sentimita 80, na karatasi ya A0 inatosha. Mji usio na mashine ya kuchapa A0, chapa vipande 16 vya A4 na uvigandishe kwenye manila. Majina yawe yale watu wanayotumia: kwenye mwembe, kwa fundi cherehani, kona ya mashine ya kusaga. Ramani yenye namba za viwanja pekee huwanyamazisha watu wote isipokuwa wenye hati. Siku ya kikao ilaze mezani ikielekea kama mji wenyewe ulivyoelekea, barabara ya kwenye karatasi ifuate barabara ya nje. Mkanganyiko mwingi utaisha hapo.

Wafuate walipo

Ukumbi wa saa 4 asubuhi hujaza wastaafu na watumishi. Mama lishe anapakua chakula kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana, machinga anauza zaidi jioni, bodaboda haachi kijiwe wakati abiria wanashuka. Kabla ya kikao kikubwa fanya vikao vidogo vya dakika 40, watu wanane hadi kumi na wawili: mama lishe saa 9 alasiri hapo hapo kwenye mabenchi yao, bodaboda na bajaji saa 4 asubuhi kijiweni, wapangaji wa fremu jioni wakifunga, wenye majengo siku yao peke yao. Wapangaji na wenye majengo wasichanganywe. Mpangaji hatalalamikia maji yanayomwagwa kutoka uani mbele ya mwenye nyumba anayeweza kumpandishia kodi.

Watu wenye ulemavu usiwaulize kwa maneno tu. Tembea na mtu wa kiti cha magurudumu kutoka stendi hadi kituo cha afya, ukipima kila anapokwama. Njia yenye upana wa mita 1.5 inampitisha, mita 1.8 zinaruhusu viti viwili kupishana. Mteremko unaofaa ni 1 kwa 12: kizingiti cha sentimita 15 kinataka rampu ya mita 1.8. Rampu fupi ya zege iliyowekwa "kwa ajili ya walemavu" na fundi ambaye hakupima huwa ni ngazi iliyolazwa tu.

Tangazo lipite siku saba kabla na tena siku moja kabla, kwa kipaza sauti cha bajaji, msikitini, kanisani, na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wafanyabiashara. Epuka Ijumaa mchana, Jumapili asubuhi, siku ya gulio na wiki za kupanda. Posho isemwe mapema: kama haipo, tangazo liseme kutakuwa na maji na chai. Mtu aliyekuja akitarajia bahasha hukaa kikao kizima akiisubiri.

Siku yenyewe

Kwa watu 60 andaa meza nane. Kila meza ramani moja, maka peni za rangi tatu, mwezeshaji na mwandishi. Stika 200 zinatosha, tatu kwa kila mtu, za rangi nne: wachuuzi, wenye fremu na majengo, wasafirishaji, wakazi. Muda ni saa mbili na nusu, kuanzia saa 9 alasiri.

Fungua kwa dakika 10, mwenyekiti akisoma hesabu za waenda kwa miguu. Hakuna meza kuu. Kisha dakika 40 nje: kila kundi litembee kutoka stendi hadi sokoni na mwandishi aandike kinachoonekana pale pale. Mzee anayesema ukumbini kwamba mtaro hauna tatizo ataukuta umejaa chupa.

Dakika 45 mezani, maswali mawili tu. Ni nini kinachokusumbua kila siku kati ya hapa na pale? Kitu gani kinaweza kurekebishwa ndani ya wiki sita? La pili ndilo linaloshusha soko la kisasa na kupandisha mfuniko wa kalavati, kivuko, choo cha stendi kinachofungwa saa 12 jioni, na bango lililoziba njia.

Dakika 20 za stika. Bandika mapendekezo ukutani kwa picha au michoro pia, kwa wasiosoma. Mtu asibandike stika zake zote tatu kwenye jambo moja. Diwani na mwenyekiti wabandike mwisho, la sivyo ukumbi utafuata mikono yao. Wakati wa kuhesabu, tazama rangi kabla ya wingi: jambo lenye stika 25 za rangi zote nne litatekelezeka, lenye 40 za rangi moja litazaa ugomvi.

Dakika 25 ni za wataalamu kujibu, na 10 za mwisho za kugawa kazi.

Barabara ni ya nani?

Hapa ndipo miji mingi hukwama mwaka mzima kwa kuandikia ofisi isiyohusika. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaa chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa 2017. Mtaro wa barabara hufuata mwenye barabara. Taka, soko, stendi na leseni ni za halmashauri. Nguzo za umeme ni za TANESCO. Chora safu tano ukutani, ya tano ikiwa "sisi wenyewe", na kila pendekezo liingie kwenye safu moja kabla watu hawajaondoka.

Kwa barabara kuu kuna jambo la kusema wazi kabla halijalipuka: kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sehemu kubwa ya "katikati ya mji" iko humo. Ndiyo sababu ya zile alama za X kwenye kuta za nyumba zinazotakiwa kubomolewa, kijani kwa wanaostahili fidia na nyekundu kwa wasiostahili. Usipange kujenga kitu cha kudumu ndani ya mita hizo bila kibali cha TANROADS. Meza zinazohamishika na vivuli vya turubai vinazungumzika zaidi.

Kuhusu machinga, msiamue kuwahamisha mkiwa mmekaa. Jengo la Machinga Complex pale Karume, Dar es Salaam, lilikaa miaka na vizimba vingi vitupu, kwa kuwa mteja wa machinga hununua akiwa njiani na hapandi ghorofa kumtafuta. Jaribuni kwanza: kamba ya mita 50, mfuko wa chokaa, mchore mstari unaoacha mita 1.8 za kupita, meza zikae nyuma yake kwa wiki mbili. Mvua ikifuta chokaa, chora tena. Kisha rudieni hesabu ya pointi nne kwa saa zile zile na mlinganishe safu ya mwisho, ile ya waliolazimika kushuka barabarani.

Baada ya hapo

Muhtasari utoke ndani ya siku tatu, ukurasa mmoja: mambo matano, ofisi inayohusika, jina la cheo, tarehe. Ambatanisha hesabu na picha. Nakala moja kwa Mtendaji wa Kata kwa kusainiwa kupokelewa, nyingine ibandikwe sokoni na stendi. Vikundi vya usafi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vielekezwe kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa 4, 4 na 2.

Siku ya thelathini pita na maka peni kwenye bango la sokoni, ukiandika "limefanyika", "linasubiri barua" au "limekataliwa, sababu". Lililokataliwa nalo liandikwe. Bango likikaa miezi miwili bila alama mpya, watu watalifunika kwa matangazo ya mganga wa kienyeji, na barua ya kikao kijacho haitamtoa mtu mezani kwake.